Leonsia anaifundisha kompyuta majina ya dawa

Saa nane kasoro mchana, feni iliyolala tangu asubuhi inajikohoza, inazunguka mara moja, inasita, kisha inashika kasi. Mtaani mtu anapiga kelele, "Umerudi!" Kwa fundi redio wa jirani muziki unafumka katikati ya wimbo.

Leonsia Kokushubira hanyanyuki. Ameketi kwenye benchi nje ya mlango wa ofisi, kipande cha muhogo wa kuchoma mkononi, anaendelea kutafuna taratibu kama mtu asiyesikia.

"Umeme ukirudi tu huwa una hasira," anasema. "Ukiukimbilia, unakuunguzia mashine. Nimejifunza kuusubiri upoe."

Muhogo ukiisha anapangusa vidole kwa khanga, anaingia ndani, anakunja kitambaa kinachofunika kompyuta na kubonyeza swichi ya stabilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme. Anaisikiliza inavyonguruma. Ndipo anawasha mashine yenyewe. Kioo cheusi kinaanza kuonyesha herufi za kijani, moja moja, na yeye anavaa miwani yenye mkono mmoja uliofungwa uzi.

Ni chumba kimoja tu, mtaa wa Pamba, mjini Mwanza. Kuna meza, kabati la chuma, na pembeni rundo la maboksi matupu ya dawa linalofika kiunoni. Dirisha linatazama ukuta. Ziwa liko karibu, lakini hapa halionekani. Husikika harufu yake tu upepo ukigeuka.

Ofisi inaendeshwa na umoja wa zahanati za misheni za kando ya ziwa. Kazi yake ni kuweka ndani ya kompyuta taarifa za dawa, hasa zile zinazoweza kumdhuru mtu wa namna fulani: mjamzito, mtoto mchanga, mgonjwa wa kifafa, au yule ambaye mwili wake unakataa dawa ya aina fulani. Mganga wa kijijini akiwa na shaka aulize, na jibu lipatikane.

Mwenye wazo ni mfamasia Deodatus Rugaimukamu, mtu mrefu, mpole, anayetembea na maboksi ya dawa mifukoni kama mtoto mwenye karanga. Yeye husoma vitabu, hulinganisha, huandika. Leonsia huingiza.

"Yeye anajua dawa, mimi najua vidole," anasema Leonsia, na hatabasamu.

Vidole hivyo vina historia. Kwa karibu miaka ishirini vilipiga taipu katika chama cha ushirika cha pamba hapa mjini. Alitoka Kamachumu msichana, akaajiriwa, akapanga chumba Mabatini, akazeeka na mashine yake ya taipu iliyokuwa na herufi "e" iliyokatika mguu. Mwaka 1993 ushirika ulipoanza kupunguza watu, jina lake lilikuwa miongoni mwa wale wa mwanzo.

"Waliniambia soko limefunguliwa, kwa hiyo mimi nifungwe," anasema.

Soko lilikuwa limefunguliwa kweli. Maduka ya dawa baridi yaliota Mabatini, Kirumba, Igoma, hata kwenye vibanda vilivyokuwa vya sigara. Zamani dawa ilitoka bohari ya serikali, na jina lake lilikuwa moja. Sasa dawa ileile ilikuja kutoka nchi tano, kwa majina matano, kwenye maboksi ya rangi tano. Watu walifurahi. Kwa muda mrefu zahanati zilikuwa na rafu tupu.

Leonsia naye alifurahi, pamoja na mdogo wake Annet, fundi cherehani aliyekuwa akiishi Buswelu.

Tangu utotoni, Annet alijua kwamba mwili wake unakataa salfa. Sista mmoja wa zahanati ya kwao alimwambia mama yao, na mama aliwaimbia watoto wake neno hilo mpaka likawaingia: salfa, hapana. Mwaka 1994 Annet alishikwa na homa kali, akaenda dukani. Akaonyeshwa dawa mpya ya malaria. Akauliza kama ni salfa.

"Muuzaji akaniambia, 'Hii ni ya kisasa, dada, salfa ni mambo ya zamani,'" anasimulia Annet. "Hakunidanganya. Hakujua. Boksi lilikuwa na jina zuri, neno salfa lilikuwa kule nyuma, herufi kama mayai ya chawa, na kwa lugha ambayo mimi wala yeye hatukuisoma."

Annet aliimeza, na siku ya tatu midomo ilivimba. Baadaye ngozi ilianza kutoka mgongoni na mapajani kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Leonsia alikaa naye wodini, akimpepea kwa gazeti kwa sababu shuka lilimuuma. Annet alipona. Macho ndiyo hayakurudi kama yalivyokuwa. Mpaka leo jua linamchoma, na kila kitu kidogo anakiona kama kiko nyuma ya moshi.

"Kila mtu ananiambia nimshukuru Mungu," anasema. "Namshukuru. Lakini tundu la sindano silioni, na cherehani nimeiuza."

Ni wodini humo ndimo Deodatus alimokuja kuuliza habari za lile boksi. Leonsia alikuwa amelihifadhi kwenye pochi. Alimwona mwanamume mzima akilishika boksi tupu kwa mikono miwili, akisoma nyuma, akinakili jina. Akamuuliza anafanya nini. Akaambiwa kuna mpango wa kukusanya majina yote, na kuna kompyuta imeletwa na wafadhili, lakini hakuna mtu wa kuiendesha.

"Nikamwambia, 'Kompyuta siijui. Lakini kama ina herufi, nitaizoea.'"

Aliizoea. Haikuwa rahisi. Alifundishwa kwa wiki mbili na mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam, akaachiwa karatasi tatu za maelekezo. Kila dawa ina ukurasa wake ndani ya mashine: jina lililo kwenye boksi, jina halisi la dawa iliyomo, nani asipewe, nini kifanyike akiwa ameshapewa. Maelezo yote ni kwa Kiswahili, maana Deodatus alisema jibu lisiloeleweka ni sawa na hakuna jibu.

Mwaka wa kwanza ulipokaribia kwisha, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ikatoa harufu. Kila alichokuwa ameingiza tangu Machi kilikuwa kimepotea. Alikuwa na disketi za akiba, lakini nazo alizihifadhi nyumbani, dirishani, jua likawa limezikunja.

"Ulilia?" anaulizwa.

"Hapana. Nilifunga ofisi, nikaenda sokoni Mlango Mmoja nikanunua nyanya. Sikuwa nahitaji nyanya. Kesho yake nikaanza upya na herufi A."

Tangu hapo disketi zake hukaa kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, ndani ya kabati la chuma, na anatengeneza nakala kila Ijumaa.

Anapolisimulia hilo hana majivuno. Anazungumza kama mwanamke anayeeleza jinsi ya kuosha masufuria. Mgongo unamuuma. Macho yakikaa sana kwenye kioo yanatoa machozi. Posho yake ni shilingi elfu arobaini kwa mwezi, na ikichelewa hana wa kumlaumu, maana anayemlipa naye anasubiri kulipwa na wengine walio ng'ambo. Kinachomchosha zaidi, anasema, ni kwamba kazi haina mwisho. Akimaliza dawa zilizopo, wiki hiyohiyo maboksi mapya yanashuka bandarini na stesheni.

Lakini ukimuuliza kuhusu siku moja ya Machi mwaka huu wa 1997, anavua miwani na kuiweka mezani.

Siku hiyo Deodatus alikuwa Bukoba kwenye msiba. Umeme haukuwapo, ilikuwa zamu ya mtaa wao kukaa gizani mpaka usiku. Saa nne asubuhi, ofisi ya jirani ilimwita kwenye redio ya upepo, ile ya betri inayounganisha zahanati za visiwani. Aliyekuwa akiita ni Malimi, mganga wa kituo kimoja kilicho mbele ya Nansio, kule Ukerewe, mahali pasipo na simu.

"Mama Leonsia, shikamoo. Ova."

"Marahaba, baba. Nakusikia kwa mbali. Sema. Ova."

"Nina mtoto wa kike, miaka tisa. Malaria. Klorokwini imeshindwa, na kwinini imeniishia. Baba yake kanunua vidonge dukani, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, anasema vinaitwa Tolifari. Sasa shangazi yake anasema huyu mtoto aliwahi kupewa salfa, akachubuka. Nauliza, hii Tolifari ina salfa? Ova."

"Mwenye duka umemuuliza? Ova."

"Amevuka, kaja huko Mwanza kununua mzigo. Ova."

Jina hilo Leonsia hakulikumbuka. Na hata kama angelikumbuka, Deodatus alikuwa amemwekea sharti moja tu tangu siku ya kwanza: usijibu kwa kichwa, jibu kwa kilichoandikwa.

"Usimpe kitu mpaka saa kumi, nitakuita. Ova."

"Nitasubiri, mama. Lakini mtoto anawaka moto. Ova."

Alirudi ofisini akasimama mbele ya kompyuta iliyokufa. Karatasi za mwandiko wa Deodatus zilikuwapo kabatini, mamia, lakini zilikuwa zimerundikwa kwa jinsi zilivyoandikwa, si kwa herufi. Kupanga ilikuwa kazi ya mashine. Alipekua mpaka mikono ikawa na vumbi. Akatoka, akaulizia kwenye maduka mawili ya dawa. La kwanza hawakuwahi kulisikia jina hilo. La pili kijana alisema anadhani ni dawa ya minyoo.

Ndipo akamkumbuka Luhaga.

Luhaga alikuwa karani wa hesabu pale ushirika, wakapunguzwa mwaka uleule. Yeye aliangukia kwenye samaki: sasa ni mhasibu wa kiwanda cha minofu ya sangara, Igogo. Na viwanda vya minofu vina jenereta, maana minofu ikiyeyuka ni hasara ya wazungu.

Leonsia alichukua disketi mbili kwenye kopo, moja yenye programu na nyingine yenye majina, akazifunga kwenye khanga na kuondoka kwa miguu, jua la saa sita likimpiga kisogoni. Getini mlinzi alimzuia, akidhani amefuata mifupa ya samaki.

"Mama, mapanki yanauzwa mlango wa nyuma."

"Sijaja kununua mapanki. Namtaka Luhaga wa hesabu."

"Una miadi?"

"Mwambie Leonsia wa ushirika yuko hapa, na kuna mtoto anaumwa."

Mlinzi alimtazama, akamtazama tena, akaenda. Luhaga alitoka mwenyewe, kalamu sikioni. Hakuuliza mengi. Alimpitisha kwenye korido iliyolowa maji ya barafu, harufu ya samaki ikiwa nzito kiasi cha kuishika, wakaingia kwenye chumba chenye kompyuta. Akafunga hesabu zake na kumwachia kiti.

Leonsia aliingiza disketi. Mashine ikakwaruza. Akaandika: TOLIFARI.

Kioo kikajibu: Hakuna.

Akaandika TOLIFAR, akidhani baba wa mtoto aliongeza "i" kama tunavyoongeza sote. Hakuna.

"Pale nikajua naweza kumuua mtoto wa watu," anasema. "Maana mtu amechoka kule redioni, nikimwambia 'hakuna', atasikia 'hakuna salfa'. Mimi nitakuwa namaanisha 'hakuna hiyo dawa humu'. Ni neno moja."

Luhaga alikuwa ameegemea mlango.

"Dada, huyo mganga kwao wapi?"

"Hukohuko Ukerewe."

"Na baba wa mtoto?"

"Nadhani hukohuko."

"Na wewe umelisikia kwenye mikwaruzo ya redio. Sikiliza, dada yangu. Huku kwetu l na r ni ndugu wanaoazimana nguo. Mimi mwenyewe shuleni nilichapwa kwa ajili ya hizo herufi mpaka nikafikiri ni dhambi. Hebu zigeuze."

Leonsia alijaribu TORIFAR. Hakuna. Kisha akageuza na herufi ya mwisho, akaandika TORIFAL.

Kioo kilijaa. Jina la kwenye boksi, Torifal. Iliyomo, salfadoksini na pirimethamini. Asipewe mtu ambaye mwili wake umewahi kukataa dawa yoyote ya jamii ya salfa. Chini kabisa kulikuwa na tarehe ya Januari na herufi mbili za jina lake mwenyewe.

"Niliiandika mimi. Kwa mikono hii. Na nilikuwa nimeisahau kabisa, kama mtu anayesahau alichokula juzi."

Luhaga alitaka kumwagizia chai. Alikataa. Alirudi Pamba akitembea haraka, kandambili moja ikikatika kamba njiani, akaibeba mkononi. Saa kumi alikuwa mbele ya redio.

"Malimi, hiyo dawa ina salfa. Narudia, ina salfa. Usimpe. Ova."

Sauti ilirudi, chini kuliko asubuhi.

"Nimekupata, mama. Simpi. Nilishamtuma mtu kwa baiskeli kuomba kwinini kituo cha jirani. Tuombe Mungu. Ova."

Kwinini ilifika jioni hiyo. Leonsia hakujua. Aliendelea na kazi yake kwa siku kadhaa bila habari, akisema moyoni kwamba ukimya wa kisiwani unaweza kuwa kitu chochote. Alipoitwa tena redioni, Malimi alikuwa akiulizia dawa ya kikohozi kwa mjamzito, na ilibidi Leonsia ndiye aulize.

"Yule? Alishaondoka, mama," Malimi alijibu. "Kapona. Jana nimemwona mwaloni, pale ufukweni, anaanika dagaa na mama yake. Ova."

Leonsia alijifunika uso kwa khanga, pale mbele ya watu wa ofisi ya jirani, akakaa hivyo kidogo. Kisha akaenda kutafuta jibu la dawa ya kikohozi.

Deodatus aliporudi kutoka msibani, alimpa taarifa yote. Mfamasia alisikiliza akiwa amesimama, mwisho akakaa.

"Umefanya vizuri sana, dada," alisema.

"Sijafanya vizuri. Kama Luhaga asingekuwapo, ningerudi na 'hakuna'. Mashine yetu inajua majina kama yalivyoandikwa Ulaya na India. Wagonjwa wetu hawasemi hivyo."

"Unataka tufanyeje?"

"Kila dawa tuiandike na jinsi watu wanavyoitamka."

Deodatus alipiga hesabu kichwani. Majina yalikuwa elfu moja na mia moja hivi. Mengine yangehitaji kuandikwa kwa namna mbili, mengine nne. "Hiyo ni kuanza upya," alisema.

"Ndiyo. Nimeshazoea."

Hiyo ndiyo kazi anayoifanya sasa. Amefika herufi K. Haendi haraka. Kila jina analitamka kwanza kwa sauti, peke yake chumbani, kama mtu anayesali, halafu anajiuliza mvuvi wa Ukara angelisemaje, mfugaji wa Magu angelisemaje. Mara nyingi hajui.

Hapo ndipo Annet alipoingia. Tangu auze cherehani anauza mihogo na chai barabarani Buswelu, na wateja wake ni watu wa kila kabila la kandokando ya ziwa. Jumapili moja Leonsia alimsomea majina kwa mzaha tu, wakichambua mchele, na Annet akayarudisha moja moja kwa ulimi wa Msukuma, wa Mjita, wa Mjaluo, mpaka mchele ukamwagika kwa kucheka. Leonsia anasema hakuwa amemsikia mdogo wake akicheka hivyo tangu wodini. Jumatatu akamwomba Deodatus kiti cha pili.

Tangu mwezi uliopita Annet huja ofisini Jumanne na Alhamisi. Anakaa ameipa taa kisogo, kitambaa machoni. Leonsia anasoma, Annet anatamka.

"Kotrimoksazoli," anasoma Leonsia.

"Kotilimo. Hakuna mtu atamaliza hilo jina, dada. Andika Kotilimo, na Kotirimo."

"Hiyo nayo ni salfa."

"Najua ni salfa," anasema Annet. "Andika."

Msaada wa wafadhili unakwisha Desemba, na hakuna aliyewaambia kitakachofuata. Deodatus ameandika barua na hajajibiwa. Hospitali moja ya Nansio imepata kompyuta, na kama mambo yatakwenda sawa, mwezi Septemba Leonsia atavuka na kopo lake, aweke nakala ya majina yote huko na kukaa wiki mbili akimfundisha muuguzi mmoja. Baada ya hapo anataka kwenda kuonana na mama yao Kamachumu, ambaye hajamwona mwaka wa tatu huu, akalale kwenye kitanda chake cha usichana mpaka atakapojisikia kuamka mwenyewe.

"Sina ndoto kubwa," anasema, vidole vikiwa tayari juu ya herufi. "Nataka mtu wa kisiwani aseme jina la dawa kwa ulimi aliopewa na mama yake, na mashine imwelewe. Basi. Nikifika Z, nitapumzika."

Annet, kitambaa machoni, anageuza kichwa upande wa sauti ya dada yake.

"Soma linalofuata," anamwambia.